Kati ya Gulwe na Igandu

Shangazi Matika anaongea, uso dirishani,
mimi namsoma kiganjani.
Maneno yake yanapanda mnarani,
yanaingia kwenye boksi la chuma lisilozidi debe la mahindi,
yanashuka yakiwa maandishi
kabla hajafunga mdomo.

Zamani yalikwenda hadi Dar es Salaam kuandikwa,
yakarudi yamechoka,
yeye ameshahamia habari nyingine,
nikawa nacheka kwenye msiba
na kutoa pole kwa harusi.

Boksi la Kilosa nililifunga mimi.
La Gulwe pia, mwezi ule Kinyasungwe ilipokula njia,
fundi Lugano akinimulikia tochi badala ya kuniita.
Najua simu inavyofanya ikifika ugenini:
inabisha.
Hodi. Nani hapa anajua kusikia?
Na boksi, likiwa limelelewa vizuri, linajibu:
Karibu. Mimi najua. Leta.

Mshahara wangu ni huo, kila hodi ipate karibu yake.
Ila treni ya umeme haipunguzi mwendo kwa ajili ya adabu.
Ukiinua mkono ubishe, mlango umeshapita.

Gulwe tumeiacha. Shangazi anasema:
*Baba yako, siku ile kabla hujaanza shule,
alitoka alfajiri akaenda*

Hapo.

Kijistari kinapepesa.
Boksi la Igandu limeamka, halinijui.
Halijui Kiswahili hiki chenye Kigogo tumboni,
wala sauti ya bibi wa miaka sabini asiye na meno ya mbele,
wala sentensi ilikuwa imefika wapi.
Linaanza a, e, i, o, u, kama mwalimu mgeni.

Shangazi hana habari. Anaendelea.
Midomo inakwenda, mkono unaonyesha nje:
migunga, udongo mwekundu, shamba la uwele,
bati moja linalong'aa.
Msagali. Kwetu. Palepale.

Sekunde kumi na moja, nimezihesabu, ni kazi yangu kuzihesabu.

*nyumba kwa nyumba. Akarudi usiku, miguu vumbi tupu.*

Nikamgusa goti: rudia.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ayazoe maji yaliyomwagika.
Akarudia, lakini.

Kwamba alikwenda mashineni kwa Ndahani,
akaenda dukani,
akamtafuta kijana wa punda wa maji,
hata kwa yule mwenye mbwa mkali alifika, akasimama mbali, akasema:
*Kesho atapita mwanangu. Hasikii.
Msimwite, mpungieni mkono.
Akisimama njia panda anatafuta shule.
Ni kushoto.*

Miaka ishirini na sita nimedhani
watu wa Msagali wamezaliwa wakijua kupunga mkono.
Niliwaona tu, mmoja baada ya mwingine,
kila aliyeniacha akiniacha machoni pa mwenzake,
nikafika darasani sijapotea, nikajiona hodari.

Nimefungua daftari la kazi.
Kesho Igandu: ngazi, mkanda, spana namba kumi na tatu.
Nitabadilisha amri moja.
Gulwe isisubiri nibishe hodi kwa jirani.
Treni ikigusa daraja tu, itangulie yenyewe, ikaseme:
anakuja mmoja, kasi yake hii,
sauti anayoisoma ni ya kizee, ina mwanya,
sentensi imeishia kwenye "akaenda",
mpokeeni hapohapo.

Lugano ataniuliza nimeipata wapi hesabu hiyo.
Sijui nitamwandikia nini.

Vilima vya Dodoma vimeanza kujitokeza, mawe juu ya mawe.
Shangazi ameshahamia bei ya karanga Kibaigwa,
na jinsi walivyompunja kipimo.
Namsoma.
Nacheka mahali pa kucheka.